Barua ya wazi kwa wasimamizi wa vipodozi vya halali: tuandikieni asili ya kila kiambato

Waheshimiwa wakuu wa taasisi zinazotoa vyeti vya halali, wakuu wa mamlaka za viwango, na wenye viwanda vya vipodozi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kwa wale miongoni mwenu wasio Waislamu, pokeeni salamu zangu za heshima.

Nawaandikia kuhusu lawama iliyorudiwa sana mpaka imezoeleka kama ukweli: kwamba mnunuzi wa vipodozi hana msimamo. Akiulizwa kwenye dodoso kama anataka vipodozi vya halali, anajibu ndiyo, tena kwa mkazo. Akiingia dukani anachukua losheni ileile ya siku zote, isiyo na nembo wala cheti. Mnahitimisha kwamba dini yake inaishia mdomoni, au kwamba hajaelimishwa vya kutosha, na dawa inayopendekezwa kila mara ni kampeni nyingine ya uhamasishaji. Mimi naona mnunuzi huyu anaonewa. Anadaiwa uamuzi huku amenyimwa taarifa za kuamulia, na taarifa hizo mnazo ninyi.

Geuzeni chupa yoyote ya losheni muisome kwa nyuma. Maandishi ni madogo ya kukunja uso, na majina ni ya kikemia. Huko karibu na mwanzo wa orodha, mara nyingi baada ya maji tu, mtaikuta glisirini, kimiminika kizito kinachotunza unyevu wa ngozi. Glisirini yaweza kutoka kwenye mafuta ya mawese au ya nazi. Yaweza kutoka kwenye shahamu ya ng'ombe, au ya nguruwe. Yaweza pia kutengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli. Ikishasafishwa, kemikali ni ileile na jina kwenye lebo ni lilelile. Asidi ya steariki, inayofanya krimu iwe nzito na laini, ina hadithi hiyohiyo. Kolajeni, protini inayotiwa kwenye krimu, hutolewa kwenye ngozi ya ng'ombe, ya nguruwe au ya samaki. Keratini ya shampuu hutokana na sufu, pembe, kwato au manyoya. Skwaleni, mafuta ya kulainisha ngozi, huweza kuwa ya ini la papa au ya zeituni. Na ile rangi nyekundu ya mdomo iliyoandikwa CI 75470 ni ya wadudu wadogo waitwao kochinili, wanaoishi juu ya dungusi, hukaushwa na kusagwa.

Sasa niambieni: Mwislamu aliyesoma lebo hiyo neno kwa neno, mwenye nia safi na muda wa kutosha, amejua nini? Amejua kuna glisirini. Swali lake lilikuwa imetoka wapi, na lebo imenyamaza. Hata sheria ambazo wengi huzichukua kama kipimo cha ukali zimenyamaza hapo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 1223/2009 inataka viambato vitajwe kwa kufuata uzito, kuanzia kilicho kingi; vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote mwishoni, na mchanganyiko wa manukato waweza kufichwa nyuma ya neno moja, isipokuwa viambato fulani vya mizio vinavyotakiwa kutajwa. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya usalama wa ngozi na mizio, na kazi hiyo inaifanya. Asili ya kiambato haikuwa hoja yake.

Mtaniambia kuna maabara. Ndiyo, zipo, na zinafanya kazi nzuri pale zinapoweza. Kipimo cha vinasaba kinaweza kugundua chembe za nguruwe katika bidhaa ambayo bado ina mabaki ya seli zake. Lakini glisirini iliyochemshwa, ikatenganishwa na kusafishwa kiwandani haibaki na vinasaba vya kupimwa. Hapo mashine haiwezi kusema ilikuwa nguruwe au mnazi. Anayeweza kusema ni mwenye karatasi za manunuzi: kiwanda kilichonunua pipa lile, na mkaguzi aliyefungua faili lake. Kiwanda kikiomba cheti cha halali hutakiwa kuleta orodha ya viambato, jina la msambazaji wa kila kimoja, na hati inayoeleza kimetokana na nini. Bila hivyo hakuna cheti cha kweli. Kwa hiyo jibu la swali la mnunuzi limeshaandikwa na limeshasainiwa, limo kwenye kabati la ofisi. Kinachokosekana ni neno moja kwenye lebo: "ya mimea", "ya ng'ombe", "ya nguruwe", "ya kiwandani".

Hili ndilo ombi langu kubwa, na nitalieleza kwa kirefu, maana najua litapingwa kwa kusema kwamba nembo ya halali inatosha.

Nembo haitoshi kwa sababu Waislamu hawafuati rai moja katika mambo haya, na hawajawahi kufuata. Chukueni suala la istihala, yaani kitu kubadilika kabisa mpaka kikawa kitu kingine. Wanazuoni wa madhehebu ya Kihanafi na ya Kimaliki wameufungua mlango huo kwa upana: kitu najisi kikigeuka dhati yake, hukumu yake nayo hugeuka. Wa Kishafii wameubana, wakakubali mifano michache kama pombe iliyogeuka siki yenyewe. Sabuni iliyotengenezwa kwa shahamu isiyo halali itakuwa na hukumu mbili tofauti kwa watu wawili wachamungu waliokaa msikiti mmoja. Au chukueni fatwa Na. 26 ya mwaka 2013 ya Baraza la Maulamaa la Indonesia. Fatwa hiyo inatenganisha kipodozi kinachoingia mwilini na kile cha juu ya ngozi; kwa kile cha nje, kilicho na najisi isiyokuwa ya nguruwe, inaruhusu matumizi kwa sharti la kujitwaharisha baadaye. Mtu anayetaka kuifuata fatwa hiyo anahitaji kujua mambo mawili: je, ni nguruwe au si nguruwe, na je, kitaishia ndani ya mwili? Rangi ya mdomo, kwa mfano, humezwa kidogo kidogo na mpakaji. Nembo ya duara yenye maandishi ya Kiarabu haimjibu hata moja kati ya hayo. Inamwambia tu kwamba mtu fulani, kwa kufuata rai fulani, aliridhika.

Na kochinili? Hapo pia wanazuoni wametofautiana. Baraza hilohilo la Indonesia liliruhusu rangi yake katika vyakula na vinywaji kwa fatwa ya mwaka 2011, na wapo wanazuoni kwingine wasioruhusu. Siwaombi mmalize khitilafu za karne nyingi kwa kuandika lebo. Naomba mwandike asili ya kitu, kila mtu akamuulize sheikh wake. Tena mwanamke anayekwenda kwa sheikh na swali "je, kolajeni ya ng'ombe asiyechinjwa kisheria inafaa kwa krimu ya uso?" atapata jibu. Anayekwenda na chupa isiyosema kitu atarudishwa na ushauri wa kuacha yenye shaka. Ushauri huo ni mwema, ila kwa jinsi lebo zilivyo leo, yenye shaka ni karibu kila chupa iliyoko sokoni.

Suala la alkoholi nalo lingepungua makali. Etanoli, ile alkoholi iliyomo kwenye pombe, ni jambo moja. Alkoholi za mafuta zinazolainisha krimu, ambazo hazilevi na ziko kama nta, ni jambo lingine kabisa. Mnunuzi anaziona zote kwa jina la ukoo mmoja na anazikimbia zote, au anachoka na kuzipuuza zote. Mstari mmoja wa maelezo ungemtosha.

Sasa turudi kwenye lile pengo kati ya dodoso na kikapu cha manunuzi, maana ndilo mnalolitumia kumhukumu. Tafiti nyingi za ununuzi wa vipodozi vya halali zimejengwa juu ya nadharia ya Icek Ajzen ya mwaka 1991 kuhusu tabia iliyopangwa. Nadharia hiyo inasema nia ya mtu hujengwa na mtazamo wake, na shinikizo la watu anaowajali, na vilevile jinsi anavyojiona ana uwezo wa kulitenda jambo lenyewe. Nguzo hii ya tatu ndiyo inayosahaulika mkifika kwenye mapendekezo. Mtazamo tunao. Watu wa nyumbani na wa msikitini wanaotuhimiza tunao. Uwezo wa kutofautisha chupa na chupa hatuna, na hauji kwa mabango.

Utafiti wa walaji wa Malaysia uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba ucha Mungu unahusiana na mtazamo mzuri kuhusu vipodozi vya halali, lakini haukuona uhusiano wa maana kati ya maarifa ya mtu na mtazamo wake. Ulikuta pia kwamba watu walewale wana mwelekeo mkubwa zaidi kwa vyakula vya halali kuliko vipodozi. Utafiti mmoja haufungi mjadala, lakini unapaswa kuwasumbua wanaodhani somo likiongezwa tu mambo yatanyooka. Na tofauti ya chakula na kipodozi mimi hainishangazi hata kidogo. Kwa nyama, swali ni la wazi na mtoto analijua: ni mnyama gani, na amechinjwa na nani. Kwa krimu, mnyama ameyeyushwa, akachujwa, akapewa jina la maabara. Huwezi kumtaka mtu akichukie kitu ambacho hamjamwonyesha kwamba kipo.

Nimewahi kusimama kwenye rafu ya shampuu karibu na mama mmoja na binti yake. Binti aliona nembo ya halali kwenye chupa mpya, akafurahi, akatoa simu atafute cheti chake. Ukurasa ulichukua muda kufunguka. Ulipofunguka ulileta majina ya kampuni, bila bidhaa. "Mama, kampuni yenyewe imo," alisema, "lakini shampuu hii siioni." Mama akamuuliza kama cheti bado kina muda. Binti akasogeza, akasogeza, hakuona tarehe. "Basi mwanangu, chukua ile tuliyoizoea," mama akasema, wakaenda zao. Kwenye jedwali la mtafiti wawili hawa wataandikwa kama watu wenye nia isiyotimizwa. Mimi nilichokiona ni watu waliofanya kila walichopaswa kufanya, wakakwamishwa na ofisi.

Kwa hiyo ombi la pili: rejista ya wazi. Iwe na jina la bidhaa yenyewe, namba ya cheti, tarehe ya kuisha au ya ukaguzi wa mwisho, na kiwango kilichotumika kuikagua. Viwango havikosekani. Nchi za Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu zina OIC/SMIIC 4 ya mwaka 2018, na Malaysia ina MS 2634 ya mwaka 2019. Andikeni tu ni kipi kimetumika. Na rejista iwe na sehemu ya waliofutiwa vyeti, yenye majina na sababu. Najua mnaogopa kwamba mkitangaza kosa watu watapoteza imani na nembo nzima. Mwezi Aprili 2025, wakala wa uhakika wa bidhaa za halali nchini Indonesia, BPJPH, pamoja na mamlaka ya chakula na dawa, BPOM, zilitangaza hadharani kwamba bidhaa 9 za vyakula zilikutwa na chembe za nguruwe, na 7 kati yake zilikuwa na cheti cha halali. Yalikuwa maneno machungu kwa wakala unaosimamia vyeti hivyo. Lakini mimi naiamini zaidi ofisi iliyosema hivyo kuliko ile ambayo haijawahi kusema chochote tangu ianze kugonga mihuri.

Indonesia wana jambo jingine la kuigwa. Sheria yao Na. 33 ya mwaka 2014 hailazimishi tu cheti kwa bidhaa za halali; inamtaka pia anayetengeneza kwa vitu vya haramu aseme kwenye bidhaa yake kwamba si halali. Huu ni uungwana kwa pande zote. Mwenye kiwanda cha kolajeni ya nguruwe ana haki ya kuuza kwa wanaoitaka, na mimi nina haki ya kuiona kabla sijaipaka usoni.

Kuhusu rangi ya kucha nitasema kidogo, kwa sababu imewachanganya wengi. Kampuni ya Inglot ya Poland ilitoa rangi inayopitisha hewa na mvuke, iliyokusudiwa afya ya kucha, na wanawake wa Kiislamu wakaipokea kwa matumaini ya kuchukua udhu bila kuifuta. Tangu hapo bidhaa za namna hiyo zimekuwa nyingi, baadhi zikiuzwa kwa neno halali lililoandikwa kwa herufi kubwa mbele. Lakini hapa halali ina maana mbili, na ni lazima mseme ipi. Viambato kuwa safi ni jambo moja. Maji ya udhu kufika kwenye kucha ni jambo lingine. Majaribio yanayoonyeshwa mara nyingi ni tone la maji juu ya karatasi iliyopakwa rangi, labda na kubonyezwa kwa kidole. Kucha si karatasi, na mwanamke hapaki tabaka moja jembamba kisha akasugua. Taasisi inayoweka nembo yake kwenye chupa ya namna hii inabeba swala za watu. Iandike wazi kama ilipima maji kupita, ilipima kwa tabaka ngapi, au kama haikupima kabisa na imethibitisha viambato tu.

Jambo la usalama ndilo linaloniuma zaidi. Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 168, imevitaja pamoja: halali na kizuri. Aya inazungumzia vyakula, lakini wanazuoni na viwango vyenu vyenyewe vinaupeleka msingi huo kwenye vipodozi. Krimu ya kung'arisha ngozi yenye zebaki haina nguruwe wala pombe. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, na huharibu figo. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kukifuta hata kiwango hicho kidogo, na mwaka 2025 ukawekwa kuwa ukomo. Mkaguzi wa halali anayeuliza habari za shahamu na asiulize habari za zebaki amefanya nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo inayolaza watu hospitalini. Kila cheti cha krimu ya ngozi kiambatane na matokeo ya kipimo cha metali nzito, na matokeo hayo yawe kwenye rejista ileile.

Wapo pia wanunuzi wasio Waislamu wanaochagua bidhaa hizi kwa kuamini kwamba zimekaguliwa zaidi. Wengine huchanganya halali na bidhaa zisizo na kitu cha mnyama. Yanakaribiana, hayalingani: asali na nta ya nyuki ni halali na hazimfai asiyetumia cha mnyama, na bidhaa ya mimea mitupu yaweza kuwa na etanoli. Asili ikiandikwa, wote wawili wamehudumiwa kwa mstari mmoja.

Kwa wenye viwanda, najua hesabu zenu. Mnasema kuandika asili kutawafunga mikono, maana leo mnanunua glisirini ya mawese na kesho ya shahamu kwa kufuata bei. Hapo ndipo penyewe. Kama inabadilika bila mnunuzi kujua, basi cheti cha mwaka jana kinazungumzia losheni nyingine. Chagueni chanzo mkae nacho, au badilisheni lebo mnapobadilisha chanzo. Na msiwe na wasiwasi kwamba watu hawatanunua. Chapa ya Wardah, iliyoanzishwa na Nurhayati Subakat mwaka 1995, ilijitambulisha kwa uhalali miaka mingi kabla sheria ya 2014 haijatungwa, na ikakua kuwa miongoni mwa majina makubwa ya vipodozi nchini Indonesia. Hakuna aliyewalazimisha wanawake wale. Walioneshwa kitu kinachoeleweka, wakanunua.

Tarehe 17 Oktoba 2026 ndiyo iliyowekwa na Indonesia kwa vipodozi kuingia katika ulazima wa cheti. Viwanda vinavyouza huko, vya ndani na vya nje, vinalazimika kuzigusa lebo zao kwa vyovyote. Sioni wakati mwepesi kuliko huu wa kuongeza lile neno moja baada ya jina la kiambato, kwenye bidhaa ziendazo huko na ziendazo kwingine kote.

Naomba majibu ya maandishi, yatakayosomwa na wote kama barua hii inavyosomwa. Nielezeni ni kiambato gani mtaanza nacho, nani atawajibika, na kuanzia lini. Pendekezo langu ni kuanza na glisirini, kwa kuwa imo katika bidhaa nyingi mno, kisha asidi ya steariki, kolajeni na CI 75470. Kama mna sababu ya kutofanya hivyo, itajeni nayo, tuijadili.

Wenu katika heshima,

Mtumiaji wa vipodozi